Mfugaji Asiyehesabu na Kifua cha Kabula

Wenzangu wa wodi, siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa kitenge, sufuria mbili na saa ya ukutani. Kitenge nimeshona, sufuria nazipikia, ila saa bado najiuliza mlikuwa na maana gani kumpa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Mkanipa na kazi juu yake. Mlisema, "Sista Tekla, andika yale unayotusimulia tukinywa chai, maana ukiondoka yataondoka." Nimekubali kwa sharti moja: msiyasome mkiwa zamu. Mtoto anayepumua haraka hasubiri mtu amalize ukurasa.

Habari za vyeo sitaandika. Kupanda nilipanda, kwa mwendo wa konokono mwenye mzigo, na mshahara wa serikali nyie wenyewe mnaujua. Nitaandika kazi yenyewe, na sehemu kubwa itakuwa ya mtoto mmoja, Kabula, kwa sababu yeye na baba yake walinifundisha kitu ambacho chuo kilisahau kunifundisha, na nilikifahamu nikiwa nimebakiza miaka michache tu ya kukitumia.

Mimi ni wa Mpanda hapa hapa, wazazi Wafipa. Mama alikuwa na meza sokoni Kashaulili, dagaa upande mmoja, vitunguu upande wa pili. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mafungu, na mama alitaka yahesabiwe mara mbili: mara ya kwanza kujua yapo mangapi, mara ya pili kujua yamebaki mangapi baada ya wateja kuyashikashika. Kwenye meza ile nilijifunza pia kupatana. Sheria ya kwanza, usianze na neno lako la mwisho. Sheria ya pili, mteja akigeuka kuondoka usimtazame mgongo, mtazame miguu. Mgongo unasema naenda, miguu inasema niite. Nilipokwenda kusomea uuguzi nilidhani mambo hayo nimeyaacha sokoni. Niliyakuta wodini yananisubiri.

Siku yangu ya kwanza wodi ya watoto nilipokelewa na Sista Yustina, aliyekuwa mkuu wa wodi. Alikuwa mfupi, na akikohoa mlangoni hata watoto waliokuwa wanalia walishusha sauti wamsikilize. Hakuniuliza jina. Alinionyesha mtoto aliyelala akaniambia nimhesabie pumzi. Nikatazama kifua nusu dakika, nikazidisha mara mbili kama tulivyofundishwa na mvivu mmoja chuoni, nikasema thelathini na nane. Akasema rudia, dakika nzima. Nikarudia, nikapata arobaini na nne.

"Mtoto kabadilika?" akauliza.

"Hapana, Sista."

"Basi aliyebadilika ni wewe. Mara ya kwanza ulikuwa unawaza chai."

Alikuwa sahihi, na chai yenyewe siku hiyo sikuipata. Tangu hapo nilihesabu dakika nzima, mara mbili, kwa saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Simu zikaja, zikaja na mashine za kubana kidole zinazosoma mapigo na oksijeni. Nazipenda, lakini zina tabia ya kuishiwa betri siku ambayo wodi imejaa. Saa yangu ya mshale haijawahi kuniomba chaja.

Vifaa vyangu vingine mnavijua: plasta ambayo nilikuwa naikata vipande asubuhi na kuvibandika ukingoni mwa meza, na ulimi. Ulimi ndio nilioutumia zaidi. Watoto wa mji huu wamezaliwa wafanyabiashara. Kulikuwa na mmoja wa mtaa wa sokoni, umri miaka mitano, nikamwambia sindano moja halafu pipi moja. Akasema sindano nusu, pipi mbili. Nikamweleza kwamba sindano haina nusu. Akanijibu kwamba basi na yeye hana mkono. Tulimalizana kwa sindano moja, pipi moja, na mimi kuimba. Mliowahi kunisikia nikiimba mtajua nani alipata hasara siku ile.

Sasa Kabula.

Alikuja akiwa na miaka mitatu, amekaa katikati ya baba na mama juu ya pikipiki iliyotoka Majimoto, vumbi limewafanya wote watatu rangi moja. Baba alikuwa Masanja, mfugaji Msukuma, ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka huko juu kaskazini wakaja kutafuta malisho Mpimbwe. Mama alikuwa Ngolo, mwanamke wa maneno machache, na kila neno lilikuwa na kazi. Mtoto alikuwa anakohoa mwezi wa pili sasa, zahanati wametibu nimonia mara mbili, na nimonia haikuwa na habari.

Masanja alipojua mimi ni Mfipa alitulia kama mtu aliyekuta ndugu ugenini. Wazee wa mila watabishana, maana utani wa zamani ni wa Mfipa na Mnyamwezi, lakini sisi Mpanda tulishamwingiza Msukuma kwa hoja kwamba ni ndugu yao na anapenda kusemwa. Mtani ana ruhusa ambayo daktari hana. Anaweza kukuambia ukweli usoni, na wewe unalazimika kucheka.

"Mayu," alisema, ambayo kwao ni mama, "nasikia nyie Wafipa mnatuma radi. Huyu mtoto mmemtumia nini?"

"Tungekuwa tunatuma tungekutumia wewe. Mtoto ana kosa gani?"

Ngolo akacheka ndani ya khanga. Ndivyo tulivyoanza.

Picha ya kifua ilionyesha upande wa kulia mweupe kama shuka la wodi siku ya ukaguzi. Mtoto wa miaka mitatu hatoi makohozi ukamwomba. Ana kikohozi, homa za jioni, amekonda, na kifua cheupe. Kila mtu pale aliweka kifua kikuu namba moja, na mimi niliongoza foleni. Akaanzishiwa dawa, akaambiwa arudi kila mwezi nimpime uzito na pumzi.

Akarudi. Mwezi wa kwanza nilihesabu pumzi arobaini kwa dakika, nikarudia, arobaini. Nikaandika kwa mwandiko mzuri. Mwezi wa pili arobaini na sita, nikarudia, arobaini na sita. Nikaandika. Masanja akasema kitu kuhusu kifua kukaa vibaya, nikamjibu kwamba dawa za kifua kikuu zinataka subira, tukataniana kidogo habari ya ng'ombe wake kuwa wanene kuliko yeye, wakaenda. Mwezi wa tatu hamsini na mbili. Nikarudia. Hamsini na mbili. Nilikuwa nimeshika kalamu kuandika, ndipo Masanja akaweka kiganja chake juu ya daftari langu. Hakuwa anatania.

"Mayu, hesabu yako siikatai," alisema. "Lakini mimi ng'ombe sihesabu. Kwetu ukimhesabu unamwita kufa. Jioni wakirudi nasimama langoni mwa zizi, naangalia. Kama mmoja hayupo, jicho linakwama."

"Na kwa Kabula limekwama wapi?"

"Huku kulia. Kushoto kunapanda, kulia kumelala. Nilisema mwezi uliopita, nikasema na ule wa kabla. Nyie mnaandika tu."

Nilimvua mtoto gauni. Nikaweka viganja viwili kifuani, dole gumba kwa dole gumba, kama Sista Yustina alivyonifundisha jambo nililoacha kufanya tangu mashine ya kidole ilipokuja. Akavuta pumzi. Kidole changu kimoja kilisogea. Cha pili kilikaa mahali pake kama mgeni asiyejua wimbo.

Kisha nikafunua daftari nyuma. Arobaini. Arobaini na sita. Hamsini na mbili. Na uzito unashuka kando yake, taratibu, kwa adabu. Nilikuwa nimehesabu kila mwezi mara mbili, na sikuwahi hata siku moja kuweka mwezi huu kando ya mwezi uliopita. Mimi, mtoto wa sokoni, niliyelelewa na mafungu, nilihesabu vizuri kila asubuhi nisione kwamba meza yenyewe inaliwa na mchwa.

Nawaandikia hili wazi kwa sababu najua mtapenda zaidi hadithi ambazo mimi ni hodari. Zipo. Hii siyo.

Daktari wa wodi wakati huo alikuwa Dokta Amani, kijana mtulivu, amemaliza chuo juzi, kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Alirudia picha. Ule weupe sasa ulikuwa umeusukuma moyo kwenda kushoto. Akaitazama muda mrefu, akasema kifua kikuu huwa kinakula, hakisukumi hivi. Kuna kitu kinaota mle ndani, alisema, na lazima aende Mwanza, hospitali ya kanda, apigwe picha kubwa na akatwe kinyama kidogo kipimwe.

Nilipomweleza Masanja aliniambia vizuri kabisa kwamba wataenda Mwanza baada ya wiki mbili. Kwanza baba yake mzee alikuwa ameshaongea na mganga mmoja upande wa Kibaoni.

Hapa ndipo vijana wengi mnakosea. Mnasema hapana, mnataja sheria, mnapandisha sauti, na mzazi anaitikia ndiyo dokta, ndiyo dokta, kesho yake kitanda kitupu. Mimi sikusema hapana. Nilisema aende leo arudi kesho asubuhi. Akasema wiki. Nikasema hata mganga mwenyewe, kama ni hodari, wiki nzima ya nini? Akasema siku nne, na akageuka kuondoka. Nikatazama miguu. Ilikuwa bado inaniangalia mimi. Tukapatana siku mbili, mtoto asichanjwe kifuani, asinyweshwe kitu chochote, na dawa zetu za homa ziende naye. Ngolo akaongeza sharti ambalo mimi sikulifikiria: nguo za safari zitabaki hapa hospitali, ili mtu yeyote nyumbani asipate la kusema kuhusu kurudi.

Dokta Amani alinifuata koridoni uso umempauka.

"Sista, umemruhusu aende kwa mganga?"

"Sijamruhusu. Alikuwa anakwenda. Mimi nimemwekea siku ya kurudi."

Nilijifanya mtulivu, lakini siku zile mbili nilikunywa chai bila sukari bila kugundua. Walirudi siku ya pili mchana. Mtoto hakuwa na chale hata moja, majivu tu kwenye paji la uso. Nikauliza mganga kasemaje. Masanja akasema mganga alimshika mtoto mbavuni, akasema hii kubwa, mpelekeni kwa watu wa mashine. Nikamwambia ampelekee salamu, na akitaka kazi zamu ya asubuhi tuna upungufu.

Mwanza walikaa wiki nyingi. Jibu lilipokuja, Dokta Amani alinisomea barua mara mbili, nafikiri kwa ajili yake mwenyewe. Ilikuwa saratani inayoota kwenye pafu lenyewe, ya watoto wadogo, adimu kiasi kwamba yeye alikutana nayo kwenye kitabu, mistari michache chini ya ukurasa, ile ambayo wanafunzi wanairuka usiku wa kuamkia mtihani. Mimi na miaka yangu yote ya wodi sikuwahi kulisikia hata jina. Au pengine niliwahi kukutana nayo. Tangu siku ile najiuliza ni watoto wangapi niliowaandikia namba nzuri, mara mbili mbili, wakazikwa na jina la ugonjwa mwingine.

Walimpasua, wakaondoa kipande cha pafu la kulia, wakamwanzishia dripu za saratani kila baada ya wiki tatu. Katikati ya dripu alirudi kwetu. Kazi yetu ilikuwa ile isiyo na picha ukutani: kupima damu, kumwahi siku hiyo hiyo akipata homa hata kama anacheza, kusafisha vidonda vya mdomo, kumshawishi ale. Barua ya Mwanza ilikuwa na mstari mmoja ambao niliunakili kwa herufi kubwa na kuubandika kwa plasta juu ya meza ya wauguzi: ugonjwa huu hupenda kwenda kwenye ubongo, angalieni kichwa kuuma, kutapika asubuhi, degedege, udhaifu wa upande mmoja.

Mnakumbuka ile karatasi. Wengine mlidhani ni tangazo la semina.

Kabula nywele ziliisha, maneno yakaongezeka. Baba yake alikuwa amemjaza habari za Wafipa, kwa hiyo aliniita Bibi Radi mbele ya watu, na mimi nikamwita Mama Ng'ombe, na wodi nzima ikatujua hivyo. Kila alipokuja kuwekewa kanula, kale kamrija ka mshipani, tulipatana mkono. Yeye siku zote alitoa wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na majukumu: kula ugali, kushika fimbo, na kuchora ng'ombe kwenye kadi zangu za wagonjwa. Mimi mishipa ya kushoto nilikuwa nimeimaliza. Kila mara niliomba wa kulia. Kila mara alikataa. Niliwahi kumwahidi puto lililotengenezwa na glovu, lenye vidole vitano na macho. Alilichukua puto, akatoa wa kushoto.

Tuliendelea hivyo miezi mingi. Halafu asubuhi moja alikaa mbele yangu, nikaanza hotuba yangu ya kawaida, na kabla sijafika kwenye puto akanyoosha mkono wa kulia akauweka mapajani mwangu. Bila kupatana. Nilifurahi, jamani. Nilisema kwa sauti, wauguzi wenzangu mkasikia, kwamba hatimaye Mama Ng'ombe ameshindwa, na nikaanza kufunga mpira wa kubana mshipa.

Masanja alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mayu," alisema. "Subiri. Jicho limekwama."

Zamani ningemaliza kuweka kanula kwanza. Siku ile nilifungua mpira.

Nikamwuliza nini kimebadilika, na kwa mara ya kwanza nilifunga mdomo mpaka akamaliza. Alisema fimbo ya kuchezea sasa anaishika kushoto, tangu juzi. Ugali anakula kushoto, mama anamgombeza kwamba si adabu, naye anarudisha mkono wa kulia na tonge linaanguka. Ngolo akasema amekuwa akitapika asubuhi siku mbili, akadhani ni dripu. Mimi pia ningedhani ni dripu. Nikampa Kabula vidole vyangu viwili, nikamwambia aminye kama anamkamua ng'ombe. Kushoto aliniumiza. Kulia alinishika kama mtu anayeshika yai la kuazima. Nikamtembeza hadi dirishani. Ncha ya mguu wa kulia ilikuwa inafagia sakafu, kidogo tu, kiasi ambacho mtu anayehesabu hatua angepata hesabu sahihi kabisa na asione kitu.

Mtoto hakuwa ameshindwa kupatana. Mkono ule ulikuwa haumtumikii tena, ndiyo maana alinipa.

Dokta Amani alikuwa bado anaandika barua ya rufaa pale degedege lilipoanza, mdomo upande wa kulia, kisha mkono, kisha mguu. Mlikuwepo, mnajua tulivyofanya: tukamlaza ubavu, oksijeni, dawa ya kukata degedege, nikisoma kipimo kwa sauti na mwenzangu akikirudia kabla sijasukuma bomba. Pale kuhesabu mara mbili ni ibada, wala msije mkaiacha kwa sababu ya hadithi hii. Baada ya hapo tukampa ile dawa ya kupunguza uvimbe kwenye ubongo. Ikabaki gari. Dereva wa gari la wagonjwa aliniambia saa tatu zijazo, maana tairi linazibwa. Nikamwambia saa moja. Akasema mbili. Nikaleta kiti nikakaa kando ya tairi lenyewe, nikamwuliza habari za watoto wake mmoja mmoja kwa majina na chanjo walizokosa. Tuliondoka baada ya dakika arobaini.

Nilikwenda nao. Njia ya Tabora kwenda Mwanza ni ndefu kwa mtu mzima mwenye afya. Nilikaa upande wa kichwa, saa mkononi, nahesabu pumzi na kuziandika kwenye kipande cha boksi, na safari hii kila namba niliipanga chini ya nyingine. Masanja alikaa upande wa miguu, anamwangalia tu. Hatukutaniana. Tulikuwa tumevuka Sikonge aliponiuliza.

"Mayu, atapona?"

Maisha yangu yote sijawahi kukosa bei ya kuanzia. Pale nilikosa.

"Sijui," nilimwambia. "Ninachojua tumewahi."

"Kuwahi ndiyo kupona?"

"Hapana, baba. Lakini kuchelewa kungekuwa jibu tayari."

Akaitikia kwa kichwa, akarudisha macho kwa mtoto. Kisha akasema upande wa kulia wa kifua, uliopasuliwa, leo unapanda vizuri. Nikaweka mkono. Kweli ulikuwa unapanda.

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe mmoja upande wa kushoto wa ubongo, ukubwa wa gololi. Mmoja. Walisema wangeupata baada ya wiki nyingine chache ungekuwa na majirani. Alihamishiwa Dar es Salaam, wakautoa, ikafuata mionzi kwa hesabu kali kwa sababu ya umri wake, kisha dripu nyingine mpya. Sitawadanganya: madaktari walimweleza Masanja na Ngolo bila kuzunguka kwamba watoto wengi ambao ugonjwa huu umefika kichwani hawarudi nyumbani. Ngolo aliniambia baadaye jinsi alivyojibu. Aliwaambia amesikia, na akauliza jiko la akina mama liko wapi, mtoto hajala.

Niliporudi wodini nilibadilisha mambo mawili, na mawili haya ndiyo nawaachia. Daftari la watoto wa kurudi kila mwezi sasa lina ukurasa mmoja kwa mtoto mmoja, namba zimepangwa chini kwa chini, ili jicho lishuke lenyewe. Na kabla hujamgusa mtoto, unamwuliza aliyemleta nini kimebadilika, halafu unanyamaza. Mlilalamika kwamba inachukua muda. Inachukua. Dokta Amani alipima mara moja, akasema ni dakika nne. Nikamwambia angenipa nne nisingekuwa na ugomvi, mimi nilikuwa nimejiandaa kudai sita.

Miaka miwili imepita tangu apasuliwe kichwa. Kila baada ya miezi mitatu wanakwenda Mwanza kupigwa picha, kichwa na kifua, na wakirudi wanapita kwetu na bahasha. Nimeona wanaume wakubwa wakifika mbele ya ile bahasha wakaanza kuulizia choo kiko wapi. Mara ya mwisho kwangu kuwa kazini walikuja wiki yangu ya kuaga, mimi mwenyewe sina tena hata droo. Kabula ana miaka sita na ushee. Nywele zimerudi zimesimama wima. Mkono wa kulia ni mzito bado, anachora kwa kushoto, na ng'ombe wake wamekuwa wazuri zaidi kuliko wa zamani, jambo ambalo baba yake analichukulia kama sifa ya ukoo.

Dokta Amani alifungua bahasha. Alisoma kimya, akasoma tena, na Ngolo akashika ukingo wa meza. Kisha akasema hakuna kitu kipya. Kichwani hakuna, kifuani hakuna. Picha nyingine baada ya miezi mitatu.

Masanja alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

Ilibaki damu ya kupima. Niliandaa sindano, nikavuta kiti, nikamwita Mama Ng'ombe aje tupatane. Alinitazama, akatazama sindano, akatazama mlango. Hakutaja bei yoyote. Alitoka mbio. Alipita koridoni katikati ya watu waliobeba vyakula, mguu wa kulia unafagia kidogo, kandambili ya mguu huo ikamtoka mbele ya dirisha la dawa na hakurudi kuiokota. Akashuka ngazi, akaingia uani, anakimbia jua usoni kuelekea geti, na kicheko chake tulikisikia mpaka ndani.

Dokta Amani akauliza nani atamfuata.

Tulikuwa wanne mle chumbani, mimi na sindano mkononi, na hakuna aliyenyanyua mguu. Tulisogea dirishani tukamwangalia anavyokwenda.